Gereza: Ni la Kuadhibu au ni la Kutenga?

Kila mara hakimu anapomtia mwizi hatiani, wananchi waliojaa nje ya mahakama hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema, "Na aende akakione cha mtema kuni." Kundi la pili husema, "Atakavyolala huko hatujui wala hatutaki kujua, mradi ametutoka machoni." Maneno haya huonekana kama ni mamoja, lakini sivyo. Kundi la kwanza lataka mwizi aumie. Kundi la pili lataka ukuta tu, ukuta baina ya mwovu na mwema. Tumeona yafaa tulipime jambo hili waziwazi, kwa sababu sheria za nchi yetu zimekuwa zikiyumba baina ya mawazo hayo mawili tangu tulipojitawala, na kwa sababu wanaolala ndani ya kuta hizo ni ndugu zetu, na wanaozilipia kuta hizo ni wakulima na wafanyakazi wa nchi hii.

Kwanza tukumbuke kwamba gereza si kitu cha asili yetu. Hata neno lenyewe ni mgeni. Wataalamu wa lugha husema limetoka katika neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Kutoka kanisa likawa ngome, na kutoka ngome likawa nyumba ya wafungwa. Msomaji aliyefika Kilwa Kisiwani ameliona Gereza la kule, nalo ni ngome. Na Ngome ya Yesu kule Mombasa ilifanywa nyumba ya wafungwa tangu mwaka 1895 hata mwaka 1958.

Wazee wetu walikuwa na njia nyingine. Aliyeiba ng'ombe alirudisha ng'ombe na kuongeza. Aliyeua, ukoo wake ulilipa dia. Aliyeshindikana kabisa alifukuzwa, akaenda kutafuta wa kumpokea. Hatusemi kwamba njia zile zilikuwa za peponi: aliyeitwa mchawi aliweza kuuawa bila ushahidi wowote wa maana. Lakini katika njia zile aliyedhulumiwa hakusahauliwa, alipata kitu mkononi. Leo mwenye ng'ombe hupata habari tu, kwamba mwizi wake amefungwa miaka mitano. Ng'ombe wake haonekani tena, na kodi yake inakwenda kumnunulia mwizi unga.

Walipokuja Wajerumani tulijua maana ya mnyororo wa shingoni na kiboko. Maneno "hamsa wa ishirini", yaani viboko 25 kwa mkupuo mmoja, hayakusahaulika vinywani mwa wazee hata baada ya bendera ile kushuka. Wakafuata Waingereza. Hao walikuwa na maneno laini zaidi, lakini mtu aliyekosa kodi ya kichwa aliweza kujikuta akichimba barabara kwa nguvu, ingawa hakumwibia mtu hata kuku. Ndiyo maana kwa wananchi wengi wa zama zile kufungwa hakukuwa aibu. Mtu alirudi kijijini akapokewa kwa pilau. Serikali inapowafunga watu wasio na makosa pamoja na wenye makosa, adhabu huharibika kama noti ya bandia: hakuna anayeiheshimu tena.

Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere mwenyewe alifikishwa mahakamani kwa kashfa, kwa sababu ya maneno aliyoyaandika katika Sauti ya TANU juu ya mabwana shauri wawili. Hukumu ikawa ni faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ililipwa. Lakini ni mkulima gani wa mwaka ule aliyekuwa na shilingi 3,000? Kama hukumu ile ingempata mtu mnyonge, angetumikia miezi sita kwa ajili ya umaskini wake. Tuliweke neno hili la faini pembeni, tutalirudia.

Tukaja kujitawala. Mwaka 1963, nchi ikiwa haijatimiza miaka miwili ya uhuru, Bunge lilipitisha Sheria ya Kima cha Chini cha Adhabu. Sheria ile iliwafunga mahakimu mikono. Mtu aliyepatikana na hatia ya kuiba mali ya umma, kuiba ng'ombe, kuvunja nyumba, unyang'anyi au rushwa, ilikuwa lazima, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, afungwe si chini ya miaka 2, tena achapwe viboko 24: viboko 12 anapoingia na viboko 12 anapotoka.

Hebu msomaji avitafakari viboko vile 12 vya mwisho. Mtu amekwisha kutumikia miaka 2. Amelima, amevunja kokoto, pengine amejifunza useremala. Kesho au keshokutwa atarudi kwa mkewe na wanawe. Kabla ya kufunguliwa mlango, analazwa akachapwa, kwa kosa lile lile alilolitumikia. Viboko hivi havikumtenga na mtu, maana anatoka. Havikumfundisha kitu, maana mafunzo yamekwisha. Vilikuwa ni maumivu basi, na mtu huyo alirudishwa mitaani kwetu akiwa na vidonda mgongoni na hasira moyoni.

Waliopitisha sheria ile hawakuwa watu wakatili. Taifa lilikuwa changa, na kila senti ya umma iliyoliwa ilikuwa ni dawa au daftari la mtoto. Waliona kwamba upole ungefasiriwa kuwa udhaifu. Twaielewa hofu yao. Lakini wizi haukwisha. Mwaka 1972 sheria ile ilifutwa ikatungwa nyingine: viboko vikaondolewa, vifungo vikaongezwa urefu. Mwaka 1989 viboko vikarudishwa kwa baadhi ya makosa. Tulipiga, tukaacha, tukapiga tena. Mtu anayejua dawa anayoitoa inatibu nini habadili kipimo namna hiyo.

Hata hivyo hatutaki kuwadharau wale wa kundi la kwanza, wanaotaka mwizi aumie. Wasomi wengi huwacheka, na hapo wasomi hukosea. Mama aliyeuza maandazi miaka minne akanunua cherehani, kisha cherehani ile ikaibwa usiku mmoja, ana haki ya kuona kwamba Serikali imekasirika pamoja naye. Akiona Serikali haikukasirika, majirani watakasirika badala yake. Na hasira ya majirani tunaijua: ni kelele ya "Mwizi!", ni mawe, ni tairi na mafuta ya taa. Ripoti za watetezi wa haki za binadamu nchini zimekuwa zikihesabu mamia ya watu kwa mwaka waliouawa namna hiyo, na miongoni mwao wamo wasio na hatia, waliofananishwa tu. Basi hukumu ni lazima iwe na uzito unaoonekana, na anayesema kwamba adhabu ni ushenzi na tuiondoe kabisa ajue kwamba anawakabidhi wahalifu kwa umati wa watu.

Tugeukie kundi la pili, la wanaosema kwamba mtu atengwe tu. Neno hili lasikika kuwa la kistaarabu. Hakuna kiboko, hakuna matusi. Ni kumweka mbali tu. Bahati nzuri hatuna haja ya kubahatisha, kwa maana jambo hili limekwisha kujaribiwa na watu waliokuwa na nia njema kabisa. Katika mji wa Philadelphia, Marekani, Wakristo wa madhehebu ya Quaker na wenzao walichukizwa na viboko na minyororo ya jela za siku zile. Mwaka 1829 likafunguliwa gereza kubwa la aina mpya. Kila mfungwa alikuwa na chumba chake na kiwanja chake kidogo. Alikula peke yake, alifanya kazi peke yake, hakusema na mwenziwe. Akitolewa nje ya chumba alifunikwa kichwa asione wala asionekane. Walidhani mtu akiachwa na Mungu wake na dhamiri yake atatubu.

Mwaka 1842 mwandishi Charles Dickens wa Uingereza alilizuru gereza lile, akatoka amefadhaika. Alikuta watu waliochakaa akilini, na akaandika kwamba mateso yale ya siri ni mabaya kuliko mateso ya mwili, kwa kuwa hayaachi kovu la kuonekana. Mwaka 1913 utaratibu ule wa upweke uliachwa rasmi. Kumbe kumtenga mtu na watu wote ni adhabu, tena ni adhabu kali kuliko nyingi. Hakuna "kutenga tu". Anayedhani kwamba akiondoa fimbo ameondoa adhabu hajapata kukaa siku moja mahali ambapo mlango hufungwa na mtu mwingine.

Hapa ndipo tunapokuta njia. Alikuwako ofisa mkuu wa magereza wa Uingereza, jina lake Alexander Paterson, ambaye mwaka 1939 alizuru magereza ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Ingawa alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, alishika neno moja ambalo halijapata kushindwa kwa hoja: kwamba mtu hupelekwa gerezani kwa kuwa kule kufungwa ndiyo adhabu yake, hapelekwi ili akaadhibiwe upya humo ndani. Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya wafungwa, zilizotungwa Geneva mwaka 1955 na kutengenezwa upya mwaka 2015 zikapewa jina la Nelson Mandela, zinasimama juu ya msingi huo huo. Kumnyang'anya mtu uhuru ni maumivu tayari, na gereza lisiyazidishe.

Tuyatie maneno hayo katika mizani ya maisha yetu. Hakimu anaposoma hukumu ya miaka mitatu, husema miaka mitatu. Hasemi: na ulale watu watatu juu ya mkeka wa mtu mmoja, na upate kifua kikuu, na unyapara akunyang'anye sabuni uliyoletewa na mama yako. Hayo hayakutamkwa mahakamani. Hakuna Bunge lililoyapitisha. Ni adhabu zisizo na sheria, na Katiba yetu, katika ibara ya 13, inakataza mtu kuteswa au kupewa adhabu za kumtweza.

Na liko jambo baya zaidi. Kwa miaka mingi takriban nusu ya watu waliokuwamo magerezani mwetu walikuwa ni mahabusu, watu ambao kesi zao hazijaamuliwa. Wengine walishtakiwa kwa makosa yasiyo na dhamana, kama mauaji, unyang'anyi wa kutumia silaha au utakatishaji wa fedha, wakakaa miaka wakisubiri upelelezi ukamilike. Tunajadili kama gereza ni la kuadhibu au ni la kutenga, na huku nusu ya watu wake si halali kuwaadhibu, kwa kuwa hakuna aliyewatia hatiani! Wanatengwa kwa tuhuma, na wanaishi katika adhabu. Baadhi yao huachiwa huru mwishoni, na hakuna anayewarudishia mazao yaliyooza shambani wala mtoto aliyeacha shule.

Sasa tuseme habari ya kazi, kwa kuwa wasomaji wetu wengi ni wafanyakazi nao wana haki ya kuuliza. Mwezi wa Julai mwaka 2018 Rais Magufuli alisema kwamba ni aibu kwa taifa kuendelea kuwalisha wafungwa, hali magereza yana mashamba na watu wenye nguvu. Wananchi wengi walipiga makofi. Sisi pia twasema mfungwa afanye kazi: kukaa bure humwoza mtu. Lakini kazi ya gerezani ni ya namna mbili. Iko kazi ya kumchosha mtu, na iko kazi ya kumfundisha. Kule Karanga, Moshi, wafungwa wametengeneza viatu kwa miaka mingi. Ukonga kuna samani. Kingolwira, Morogoro, ni shamba tangu zama za Mwingereza. Mfungwa aliyejifunza kukata ngozi na kushona soli anatoka na riziki vidoleni. Mfungwa aliyesomba mawe miaka mitano anatoka na mgongo mbovu.

Na mfanyakazi huru ajihadhari hapa. Kazi ya mfungwa asiyelipwa ikikodishwa kwa tajiri kwa bei ya bure, ni nani atakayeajiriwa kwa mshahara? Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1930 uliliona jambo hili mapema: kazi ya mfungwa aliyehukumiwa na mahakama haihesabiwi kuwa kazi ya shuruti, lakini kwa sharti kwamba isimamiwe na Serikali, na mfungwa asikodishwe kwa watu binafsi au makampuni. Hatuoni sababu kwa nini mfungwa asipewe ujira, hata ukiwa mdogo, sehemu akatumiwa yule aliyeibiwa cherehani, sehemu wakapelekewa watoto wake, na sehemu akaikuta langoni siku ya kutoka. Hapo ndipo adhabu ingeanza kufanana na ile ya wazee wetu.

Wala tusidanganywe na majina. Zanzibar gereza huitwa Chuo cha Mafunzo, nasi twalipenda jina hilo, ila jina ni deni. Mkoloni kule Kenya aliwafungia watu makambini akasema anawarekebisha. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, watu 11 walipigwa hata kufa kwa kuwa hawakukubali kufanya kazi, na serikali ile ikaanza kwa kusema kwamba walikufa kwa maji ya kunywa. Neno "kurekebisha" lilikuwa limeandikwa katika makaratasi yao yote. Baadaye, tangu mwaka 2003, Kenya huru ilipowapa wafungwa magodoro na kufungua milango kwa waandishi wa habari, chini ya Makamu wa Rais Moody Awori, wako walionung'unika kwamba wafungwa wanastareheshwa. Sisi hatujapata kumwona mtu aliyeiba ili apewe godoro la gerezani.

Linabaki suala la watu wa hatari, ambao kwa kweli ni lazima watengwe. Wako. Mtu anayeua kwa kukodiwa, mtu anayewaharibu watoto: hawa wawekwe mbali, na kwa muda mrefu, wala hatutatoa chozi. Lakini sheria yetu imeupanua mlango huu mno. Kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayepatikana na hatia ya unyang'anyi wa kutumia silaha afungwe si chini ya miaka 30. Sheria haiulizi kilichoporwa ni nini. Majambazi walioingia benki na bunduki, na kijana aliyemtishia mpita njia kwa kisu akachukua simu, wote wanakutana katika miaka 30 ile ile. Kijana wa miaka 20, hata akipunguziwa theluthi moja kwa tabia njema, atatoka akiwa na miaka 40. Wazazi wamekufa, ufundi hana, na simu ile hata fundi hawezi kuitengeneza tena. Hatumtetei. Alistahili kufungwa, na yule aliyetishiwa kisu hakulala siku nyingi. Twauliza tu kwamba mwaka wa 15 wa kifungo kile unamlinda nani, na kwa gharama ya nani. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba haifai sheria kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila muuaji bila kupima mazingira ya kosa na mtu mwenyewe. Jaji aliyenyimwa kupima huwa karani wa kusoma orodha. Bunge letu, ambalo liliwahi kuifuta sheria ya mwaka 1963, lina uwezo wa kukirudisha kipimo mikononi mwa mahakama.

Na upande wa pili wa orodha wamo wale wadogo, na hapa tunalirudia neno la faini. Faini au kifungo: mwenye fedha hulipa akarudi kazini siku ile ile, asiye nazo huingia gerezani kwa kosa lilo hilo. Mahakama haikukusudia hivyo, lakini ndivyo inavyokuwa, na huko ndani mwizi wa kuku hupata walimu. Tunayo Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, inayoruhusu mtu wa kosa dogo afagie hospitali au achimbe mtaro wa kijiji chake huku akilala nyumbani. Adhabu hiyo huonekana na wote, mhalifu huona haya mbele ya watu anaowajua, na watoto wake hula. Inachohitaji ni maofisa wa kutosha wa kuisimamia katika kila wilaya, na mahakimu watakaoikumbuka kabla hawajaandika neno "jela". Kwa mwizi wa kalamu, yule mkubwa aliyekula fedha za ushirika au za halmashauri, dawa ni mbili pamoja: arudishe alichokula mpaka shilingi ya mwisho, na asiguse tena sanduku la umma maisha yake. Huyo kutengwa kwake halisi ni kutengwa na funguo.

Karibu wote waliomo watatoka. Atakapotoka, mshona viatu wa Karanga atakwenda kwenye lango la kiwanda kuomba kazi. Ataulizwa cheti cha polisi cha tabia njema, na alama za vidole vyake zitasema yote. Hapo hakuna Jaji wala Bwana Jela. Yuko msimamizi wa zamu na kamati ya wafanyakazi, nao ni wasomaji wa ukurasa huu.